Bustani Isiyo na Mwenyewe

Wako wanaodai kwamba sheria za kulinda mazingira tulitunukiwa na serikali. Sisi twakana. Mwaka 1989, kampuni ya magazeti ya chama tawala, KANU, ilipotaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai alikimbilia Mahakama Kuu. Mahakama haikuuliza iwapo bustani ya umma yaweza kumegwa. Ilimwuliza yeye ni nani hata ashtaki! Ikaamua hana haki hiyo, kesi ikatupwa. Mali ya wote ikawa haina wa kuitetea.

Jumba halikujengwa, lakini si kwa hisani ya mahakama: kelele za wananchi ziliwatia hofu wafadhili wa ng'ambo. Na mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula bustanini humo humo (walipopigwa virungu, Kanisa Kuu la All Saints likawapa hifadhi).

Mlango ule ulifunguliwa na sheria ya mazingira ya 1999, kisha Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010: mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Parokia inayoona msitu wake ukipimwa viwanja yaweza kushtaki kesho asubuhi.