Kabla ya Kusema Tumehujumiwa, Tusome Kwanza Jibu la Seva



Leo najisema mwenyewe kwanza. Hivi karibuni vijana wa wilaya yetu tuliandika maoni kuhusu rasimu ya sheria ndogo za ushuru wa masoko. Mwisho wa kupokea maoni ulikuwa Ijumaa saa 9:30 alasiri. Saa 7 mchana nikayatuma kwa imeli ya chama. Dakika haikupita, ikarudi. Nikatuma tena, ikarudi tena.

Nikafanya nini? Nikakimbilia grupu la WhatsApp: "Wametublock! Hizi ni hujuma!" Nusu saa baadaye grupu linawaka moto. Huyu anataka tamko, yule anataka tuite waandishi wa habari.

Dada mmoja mwenzetu, fundi kompyuta, akanipigia. "Kaka, huo ujumbe uliorudi umeusoma?" Ukweli ni kwamba sikuwa nimeusoma. Niliona Kiingereza kingi na namba, nikafunga.

Namba zilikuwa 550 5.7.23. Akanifundisha kuzisoma. Jibu linaloanza na 4 ni tatizo la muda, seva yako itajaribu tena yenyewe. Linaloanza na 5 ni kukataliwa kabisa, hata utume mara mia bila kurekebisha kitu. Namba zinazofuata ndizo zinazotaja sababu. 5.1.1: anwani haipo, pengine umekosea herufi. 5.2.2: sanduku la mpokeaji limejaa. 5.3.4: mzigo ni mkubwa mno. Na kiambatanisho kikisafirishwa huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, ndiyo maana faili la MB 20 hugoma kwenye kikomo cha MB 25.

Yetu, 5.7.23, ilimaanisha tumefeli ukaguzi wa SPF. Hiyo ni orodha inayowekwa kwenye rekodi za DNS, ikitaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu la mtandao. Sisi tulishahama kampuni inayohifadhi tovuti yetu, lakini orodha ilibaki na seva ya zamani tu. Seva ya mpokeaji ikaona barua yenye jina la chama inatoka kwa asiyetambulika. Ikaikataa. Wewe ungekuwa karani masijala, ungepokea barua ya chama isiyo na muhuri?

Hakuna aliyetuhujumu. Tulijihujumu wenyewe.

Kurekebisha rekodi kulikuwa kazi ya dakika kumi, ila mabadiliko ya DNS huchukua muda kuenea. Nikachapa nakala stationery, nikapanda bodaboda, nikafika dakika ishirini kabla ya muda. Nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Jumamosi imeli zikaenda vizuri.

Kwa nini nawachosha na habari za seva? Sababu ni mbili.

Kwanza, heshima ya neno letu. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, Twitter ilizuiwa nchini na watu wakahamia VPN. Hilo lilitokea kweli, na lilistahili kupigiwa kelele. Lakini tukipiga kelele ileile kila imeli inaporudi, siku tukizuiwa kweli nani atatuamini? Madai yawe na ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni huo ujumbe uliorudi.

Pili, usalama. Jina la mtandao lisilolindwa ni rahisi mtu yeyote kulitumia kutuma tamko feki. Fikiria siku tatu kabla ya kura, vyumba vya habari vinapokea barua yenye anwani yetu ikisema mgombea wetu amejitoa. Kinga yake ni SPF, pamoja na DKIM ambayo ni saini ya kidijitali kwenye kila barua, na DMARC inayoiambia seva ya mpokeaji ifanye nini na barua iliyofeli ukaguzi. Kuziweka hakuhitaji mamilioni. Kunahitaji mtu anayejua na kiongozi anayesikiliza.

Kwa hiyo naomba kila wilaya yenye tovuti ikague rekodi hizo mwezi huu. Nywila za DNS zisikae kichwani mwa mtu mmoja ambaye kesho akikasirika anaondoka nazo. Mafundi tunao, wengi ni mabinti na vijana tunaowakumbuka tu spika zikikoroma mkutanoni. Tuwape kazi kabla mambo hayajaharibika.

Tunaitaka serikali isome ripoti na ikiri makosa yake. Tuanze sisi.

Nawasilisha.