Kona ya Ufundi: Pedali ikiwa laini, usishuke mlima

Mwezi huu Kona yetu ni juu ya breki za jipu, au freni kama tunavyosema nyumbani. Vijana wetu wengi wanapenda ufundi wa gari, na sisi wengine tunapanda tu nyuma na kumwachia dereva. Habari hii ni ya wote.

Hapa Gashonga ni milima. Uwanja wa ndege wa Kamembe uko kama mita 1,590 juu ya usawa wa bahari, na bonde la Bugarama, sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, ni kama mita 950. Kutoka juu mpaka kwenye mashamba ya mpunga ni kushuka zaidi ya mita 600. Breki ikikataa hapo katikati, utakimbilia wapi?

Kwanza tuelewe. Chukueni mabomba mawili mapya ya sindano, bila sindano zenyewe, muunganishe kwa mpira mwembamba, mjaze maji. Sukuma moja, la pili linatoka papo hapo. Sasa acheni hewa kidogo ndani, msukume tena. Mnaona? La pili linachelewa, kwa sababu hewa inabanwa, maji hayabanwi. Breki ni hivyo hivyo. Mguu unasukuma masta silinda, masta silinda inasukuma mafuta, na mafuta yanafunga magurudumu. Hewa ikiingia, nguvu ya mguu inaishia kwenye kuibana hewa.

Kabla ya kushika spana, sikiliza pedali inasema nini:

- Laini kama sponji: kuna hewa.
- Inaenda chini, ukipiga mara mbili tatu inapanda na kuwa ngumu: mara nyingi breki za dramu zimelegea, zinataka kukazwa.
- Ukiikanyaga na kuishikilia inazama polepole: mafuta yanavuja, au mipira ya ndani ya masta silinda imechoka.
- Ngumu kama jiwe na gari haisimami: hidrovaki, ile inayousaidia mguu, haifanyi kazi.
- Gari inavuta upande mmoja: gurudumu moja halifungi sawa na wenzake.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Weka gari mahali tambarare, zima injini, weka mawe kwenye magurudumu. Jaza mafuta ya breki kwenye chupa yake. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari ya usukani wa kushoto, kama za hapa Rwanda, kawaida ni nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, kisha mbele kushoto. Mmoja akanyage polepole na kushikilia. Mwenzake afungue skrubu ya kutolea hewa, yenye mpira unaoingia kwenye chupa ya mafuta, aone mapovu, halafu afunge KABLA mguu haujaachia. Rudieni mpaka mapovu yaishe. Chupa ya juu isikauke, la sivyo mnaanza upya.

Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Ukitia mafuta ya injini, mipira inavimba na breki zinaharibika zote. Tena mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. DOT 3 mpya huchemka kwenye digrii 205 au zaidi, lakini yakishanywa maji yanaweza kuchemka kwenye digrii 140 tu. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, mafuta yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Ndiyo maana dereva mzuri anashuka kwa gia ndogo.

Sasa neno kubwa. Utasikia dereva anasema, "Nitapompa tu, tutafika." Ndugu zetu, kupompa si kutengeneza. Hewa haiji yenyewe, imepita mahali. Ukiitoa bila kutafuta ilikopita, kesho imerudi. Tunajua gari ni moja, mgonjwa anangoja na jua linazama. Lakini gari yenye hewa kwenye breki inaweza kupeleka mgonjwa mmoja na kurudisha kumi. Mzazi, kabla mtoto hajapanda, muulize dereva kwa heshima: pedali ikoje? Akisema anapompa, mshushe mtoto. Hiyo si dharau, ni uzima.

Mwisho, mafuta ya breki yaliyotumika ni sumu. Msiyaweke kwenye chupa ya soda, watoto watakunywa. Wala msiyarudishe kwenye gari.

Swali la mwezi: kwa nini gari inayopanda vizuri siku nzima inaweza kukosa breki wakati wa kushuka tu? Majibu mlete shuleni. Mpaka mwezi ujao, kaeni salama.