Kompyuta Ikizimika Ovyo, Tushike Daftari Kwanza

Siku hizi katika mji wetu wa Same si ajabu kuikuta kompyuta ya mezani nyumbani kwa mtu, na nyingi hununuliwa zikiwa zimekwisha tumika. Nataka kusema neno juu ya ugonjwa mmoja wa mashine hizo. Kompyuta yafanya kazi vizuri, mara yazimika yenyewe, au kioo chageuka buluu na kutoa maandishi, kisha yajiwasha upya. Leo mara moja, kesho mara tatu. Maoni yangu ni haya: hasara kubwa haitokani na ugonjwa wenyewe, bali yatokana na haraka yetu ya kutibu kabla ya kujua.

Nasema hivi kwa kuwa yametupata nyumbani. Mama hununua tangawizi kwa wakulima wa Mamba Miamba, huko juu milimani, akaiuza kwa wafanya biashara waipelekao mijini. Hesabu zake za miaka mitatu, nani kaleta kilo ngapi na nani hajalipwa, zilikuwa ndani ya kompyuta yetu. Ilipoanza kuzimika ovyo tuliipeleka kwa fundi. Fundi hakuuliza yazimika saa ngapi, wala yazimika katika kazi gani. Alisema, "Hii ina virusi," akafuta kila kitu na kuweka mfumo mpya. Sisi nasi hatukumwuliza kama amenakili mafaili ya Mama. Hakunakili. Siku ya pili baada ya kuirudisha nyumbani, saa nane mchana, ikazimika vile vile.

Baba alikasirika, akasema tuiuze. Simlaumu, maana hata nchi yetu ilipata kuzikataa mashine hizi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Baadaye amri hiyo ililegezwa, na leo hakuna wizara wala benki iwezayo kufanya kazi bila kompyuta. Kuifukuza mashine hakumfundishi mtu kosa lilikuwa wapi.

Sisi watu wa Upare twaijua njia iliyo bora. Ndiva hujaa maji usiku, na asubuhi hufunguliwa ili maji yashuke kwa mfereji hata mashambani. Zamu yako ikifika na maji yasifike, huendi kuibomoa ndiva. Waufuata mfereji kutoka juu, kipande kwa kipande, mpaka uone panapovuja. Na kompyuta itafutwe kosa lake hivyo hivyo.

Basi nilinakili kwanza kila kilichokuwamo, nikachukua daftari na kupiga mistari ya safu nne: tarehe na saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, maandishi yaliyotokea, na kitu nilichobadilisha. Sheria yangu ilikuwa moja: badilisha kitu kimoja tu, kisha ngoja uone. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya. Na ikizidi kuugua, hutajua kilichoiumiza.

Windows yenyewe hujiwasha upya upesi baada ya kuanguka, hata mtu asiwahi kusoma maandishi ya kioo cha buluu. Pana mahali katika mipangilio pa kuizuia isifanye hivyo, nami niliizuia. Tena huweka kumbukumbu ya matukio yake. Humo wengi huona tukio namba 41, wakadhani wamepata jibu. Namba hiyo yasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Haisemi kwa nini.

Juma la kwanza ilizimika mara tisa: mara saba kati ya saa saba na saa kumi mchana, na mara mbili usiku. Kioo cha buluu hakikutokea hata mara moja. Niliipima kumbukumbu ya ndani kwa programu ya kupimia, usiku kucha, sikuona kosa. Niliiwasha katika hali ya usalama, ambayo haifungui ila vile vilivyo vya lazima. Saa nane ikazimika. Basi nikaona haielekei kuwa ni virusi wala programu. Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu wa mashine. Vumbi la tambarare yetu lilikuwa limeganda juu ya feni na katika mabati ya kupozea, kama unga katika kinu. Mashine iliyopata joto kupita kiasi hujizima isiungue; si ukaidi, ni kujikinga. Nilipangusa kwa brashi laini huku nimeishika feni isizunguke, nikarudisha kila kitu mahali pake.

Tangu siku hiyo haikuzimika tena mchana. Lakini usiku ilizimika bado, mara mbili kwa juma. Bila daftari ningalisema kwamba kusafisha hakukufaa kitu. Daftari lilinionyesha kwamba magonjwa ni mawili. La usiku lilikuja kati ya saa moja na saa mbili, taa zinapofifia. Umeme wetu hutakiwa kuwa volti 230, na ukishuka, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia mashine umeme hushindwa ikiwa kimechakaa. Kisanduku hicho sikukifungua, wala mtu asikifungue, maana huweza kushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Tulimwita fundi mwingine. Alilisoma daftari, akabadilisha kisanduku tu. Ni miezi miwili sasa, haijazimika.

Kuandika hivi si jambo geni. Tarehe 9 Septemba 1947 wahandisi wa kompyuta ya Mark II, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, walikuta nondo amenaswa katika swichi moja ya ndani. Hawakumtupa. Walimbandika katika daftari la kazi, wakaandika saa na mahali walipomwona, na ukurasa huo umehifadhiwa hata leo.

Wengine watasema mtoto wa shule asimfundishe fundi kazi. Ni kweli, ufundi ni wa fundi. Lakini fundi haishi na mashine. Mwenye nyumba ndiye aijuaye saa inapoanguka. Mgonjwa asiyesema panapomwuma humfanya daktari abahatishe.

Kwa hiyo nawaomba waalimu wetu, kila mashine ya chumba cha kompyuta iwe na daftari lake, na kila mwanafunzi aandike anapoona kosa. Wazazi, msikubali kitu kifutwe kabla ya kunakiliwa, na mwulizeni fundi amejuaje. Wanafunzi wenzangu, tusione haya kusema "sijui bado". Tuone haya kubahatisha mali ya mtu.

Hesabu za Mama hazikurudi. Alipanda Mamba na stakabadhi zake chache, akaenda nyumba kwa nyumba kuuliza anadaiwa kiasi gani. Wengi walimwamini. Wawili hawakukubaliana naye, na mpaka leo hawamletei tangawizi. Daftari lenyewe tulilinunua dukani kwa bei ndogo kuliko nauli ya safari ile.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu