Mzee Anayesahau si Mchawi



Yupo mzee mtaani anayeomba chakula ilhali ameshakula. Amepotea katika njia aliyoipita tangu ujana wake. Amemwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyekwisha kufa. Mara mnong’ono unaanza: mzee huyu husema na wafu, mzee huyu ni mchawi. Sisi wa Kivu ya Kusini tunajua mnong’ono huo huishia wapi. Wazee, hasa wanawake, wamefukuzwa, wamepigwa, na wengine wameuawa. Twasema wazi: kueneza mashitaka hayo ni dhambi, na kunyamaza mbele yake ni dhambi vilevile.

Kupoteza kumbukumbu ni ugonjwa, tena si wetu peke yetu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 walikuwa wakiishi na upungufu huo wa akili, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Nyakati nyingine chanzo chake hutibika: ugonjwa wa tezi ya shingo, ukosefu wa vitamini B12, kaswende, huzuni nzito. Ugonjwa wa Alzheimer hauponi, lakini mgonjwa hutunzika. Basi anayemweka mzee miezi mingi katika chumba cha maombi na kumnyima daktari, hamtukuzi Mungu. Anamwibia mgonjwa wakati wa kutibiwa.

Hata hivyo, tusiwalaumu wenye vyumba vya maombi peke yao. Kituo cha afya hupima presha na kutoa vidonge, wala hakiulizi ni nani atakayemkumbusha mgonjwa kuvimeza. Sisi wanajumuiya tunamletea Komunyo Takatifu, wala hatujui anatumia dawa gani. Nyumbani, binti mmoja ameacha masomo ili amlinde usiku na mchana, wala hakuna anayempokea zamu. Kila mmoja ameshika kipande chake, na mgonjwa anaanguka katikati.

Wengine watasema kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli: kifungu cha 49 cha Katiba yetu kinawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tuidai haki hiyo bila woga. Lakini mzee aliyepotea njia jioni hii hawezi kungoja bajeti.

Kwa hiyo twawaomba Waxaveri, Wakiro, Maskauti na Walejio: kila jumuiya iwatambue wazee wake wanaosahau. Vijana wawili wamsindikize kila mmoja wao kwenye kituo cha afya. Pawe na daftari moja, likae nyumbani kwake: humo mwuguzi aandike dawa, na jamaa waandike usingizi, chakula na mabadiliko. Siku mbili kwa juma mmoja wenu akae naye, ili yule binti arudi shuleni. Na mnong’ono ukianza, msimame mlangoni pake, mkamwite padri na chifu wa mtaa mapema.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zake zikipungua. Hakuweka sharti kwamba baba amkumbuke mwanawe. Mzee akisahau majina yetu, sisi tusisahau jina lake.