Kuruhusiwa Mapema Si Kufukuzwa

Mgonjwa wa mshtuko wa moyo akiruhusiwa siku ya pili au ya tatu, jamaa hunung'unika: "Wamemfukuza!" Sisi tunaona lawama hiyo si ya haki kila mara. Miaka ya 1950 mgonjwa kama huyo alilazwa wiki kadhaa. Siku hizi mshipa ulioziba huzibuliwa haraka, na ambaye moyo wake unasukuma damu vizuri na mapigo yametulia aweza kurudi nyumbani. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2017 ulikubali saa 48 hadi 72 kwa wagonjwa wa aina hiyo. Kuanzia 2020, Barts Heart Centre ya London iliwaruhusu mapema wagonjwa 600, ikawafuatilia kwa simu, na waliofariki walikuwa wachache mno.

Siri ni huo ufuatiliaji. Pasipokuwapo, tusikubali haraka hiyo. Kabla ya kutoka tuulize: dawa zipi, kwa muda gani, na usiku tumpigie nani? Nyumbani, mgonjwa asiache dawa kwa kuwa anajiona mzima, wala tusimchoshe kwa wageni kutwa nzima. Maumivu ya kifua yakirudi, tumkimbize hospitali, tusingoje asubuhi.