TUSINUNUE KUTA TUKASAHAU ARDHI

Ndugu wafanyi kazi,

Siku hizi kila tukipokeana zamu, wa Changamwe, Likoni na Kisauni, shauri ni moja: kununua nyumba ya zamani, kuitengeneza, kisha kuiuza kwa faida, na huku kazi ya mshahara yaendelea. Shauri hili si baya. Lakini twaona wengi wanaanzia mwisho.

Mwanzo ni ardhi. Hapa Mombasa tuna desturi ya nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba ana kuta, paa na milango; kiwanja ni cha mtu mwingine, naye hulipwa ijara. Desturi hii ni ya zamani. Sheria ya 1908 ya kuandikisha ardhi za Pwani iliwapa hati wale waliojitokeza kudai, na wengi waliokuwa wakikaa juu ya ardhi hizo hawakupata kitu. Hata leo mtu aweza kujenga, akazaa na kupata wajukuu juu ya kiwanja ambacho si chake.

Mwenzetu mmoja alinunua nyumba ya vyumba sita huko Kisauni kwa fedha za mkopo. Akabadili mabati, akatia saruji sakafuni, akapaka rangi. Alipoleta mnunuzi, mwenye kiwanja akasema: "Simjui mtu huyu, wala sikutoa ruhusa ya saruji." Mnunuzi akaenda zake. Mkopo haukwenda, hukatwa katika mshahara wake kila mwezi. Sisi watu wa reli tungejua zaidi: behewa hata likipakwa rangi namna gani, mataruma yakioza halifiki Voi.

Kwa hiyo twashauri hivi:

Kwanza, nenda ofisi ya ardhi ujue kiwanja kimeandikwa jina la nani. Kisha umwone mwenyewe, si dalali. Akupe maandiko: ijara ni kiasi gani, matengenezo gani yaruhusiwa, na kwamba waweza kuuza. Mapatano ya ardhi kwa mdomo hayasimami kortini. Sheria yataka maandiko, sahihi na shahidi.

Pili, kama nyumba ni ya mume na mke, wote wawili wakubali. Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 yasema hivyo.

Tatu, piga hesabu yote. Tuseme umenunua kwa shilingi 600,000, ukatengeneza kwa 200,000, ukauza 900,000. Usishangilie laki moja. Toa riba ya mkopo, dalali, wakili, na kodi ya serikali juu ya faida ikiwa yakuhusu, ambayo tangu 2023 ni 15 kwa mia. Toa na ijara ya miezi ya kungoja mnunuzi. Sheria ya kazi ya 2007 yakataza makato kupita theluthi mbili za mshahara, lakini theluthi moja inayobaki haishibishi watoto.

Nne, wewe uko zamuni, saruji iko mikononi mwa fundi. Nunua karibu na unapolala, na ulipe kazi iliyokwisha, si siku zilizopita.

Neno la mwisho ndilo zito. Vyumba sita ni jamaa sita, na wengi wao ni wafanyi kazi kama sisi. Wazee wetu waligoma hapa Mombasa Januari 1947 kwa sababu ya mishahara midogo na maisha ghali. Isiwe sisi, wajukuu wao, ndio tunaotupa vitanda vya wenzetu uani ili rangi mpya ipate bei. Mpangaji apewe muda wake. Tena aulizwe kwanza kama ataka kununua. Jamaa sita wakichanga katika chama cha akiba, huenda mnunuzi unayemtafuta mjini amelala chumba cha pili.

Faida ya halali haina machozi ya jirani.

Sisi wenzenu wa reli, Changamwe.