Keki ya Malkia na Karatasi ya Kamati



Jirani yetu mmoja hapa Bagamoyo, mzee mvuvi, anamwoza binti yake wa kwanza. Jioni moja alitujia na karatasi mkononi, akaiweka mezani bila kusema neno. Ilikuwa hesabu ya kamati ya arusi. Na katika hesabu ile keki peke yake, ya ngazi saba, ilizidi bei ya mashine ya chombo chake. "Nimeambiwa ndivyo wafanyavyo wafalme," alisema. "Basi niambieni, hao wafalme walifanyaje?" Kwa kuwa nyumba nyingi zitaletewa karatasi ya namna hiyo baada ya Kwaresima, twaandika hapa tuliyomjibu.

Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840. Keki yake haikuwa mnara. Ilikuwa duara moja tu, lakini duara kubwa la ajabu: uzito wake kama ratli 300, yaani karibu kilo 136, na mzunguko wake futi 9. Juu yake zilisimama sanamu: mwanamke aliye mfano wa nchi ya Uingereza akiwabariki maarusi, nao wamevikwa nguo za Kirumi za kale. Miguuni pa bwana arusi alilala mbwa, alama ya uaminifu. Miguuni pa bibi arusi palikuwa na njiwa wawili. Ndani yake ilikuwa keki ya matunda makavu na viungo, isiyoharibika upesi. Kipande chake kimoja kilinadiwa London mwaka 2016, nacho kikapata mnunuzi! Sisi tusingekionja.

Mnara ulikuja baadaye. Binti mkubwa wa Malkia alipoolewa na Friedrich wa Prussia, tarehe 25 Januari 1858, keki ilipita kimo cha mtu, zaidi ya futi 6. Watu walistaajabu. Lakini sehemu ya chini tu ndiyo iliyokuwa keki. Zile za juu zilikuwa sukari tupu, iliyofinyangwa na kukauka, ya kutazamwa. Hata ilipofika mwaka 1882, katika arusi ya Leopold, mwana wa Malkia, ndipo ngazi zote zilipokuwa keki ya kuliwa. Mzee aliposikia hayo alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe hata wao!" alisema.

Lakini weupe ule wa sukari ulikuwa na gharama nyingine, isiyoandikwa katika hesabu ya kamati yo yote. Sukari ya Waingereza ilitoka kwa wingi katika visiwa vya Karibi, na watumwa wa mashamba yale walipata uhuru kamili tarehe 1 Agosti 1838, hata miaka miwili haijatimia kabla ya arusi ya Malkia. Na pwani yetu haikuwa mbali na jambo hilo. Kaskazini yetu, kandokando ya mto Pangani, Waarabu walilima miwa katika karne ile ile, na waliokata miwa na kuikamua walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wadachi tangu 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa na shamba la miwa huko. Hapa Bagamoyo mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni mwaka 1868, wakawakalisha watu waliokombolewa utumwani. Jirani yetu ni wa ukoo wa watu hao. Hapo hakucheka tena. Aliishika karatasi yake akaitazama kitambo.

Tulimkumbusha pia kwamba arusi za pwani zilikuwa na tamu yake kabla keki haijaja: halwa, ya wanga, sukari, samli, iliki na kungumanga, ikorogwayo bila kupumzika mpaka mkono ufe ganzi. Nao Wachaga humchoma mbuzi mzima, wakamleta mbele ya maarusi kwa shangwe; huyo ndafu wengi humwita keki, na kila kiungo chake huliwa.

Mzee alichukua kalamu akaifuta ngazi ya saba, kisha ya sita. Alipofika ya tatu mkewe, aliyekuwa amenyamaza muda wote, aliuliza kama ratli zile 300 ziliwatosha wageni wote wa Malkia. Tulimjibu kwamba hazikutosha. Ziliokwa keki nyingine nyingi.

"Basi acha mbili," alisema mama.